Ugonjwa wa kutetemeka: Jinsi ya kumtunza mzazi aliye nyumbani

IKIWA unafanya kazi Nairobi, Nakuru au Eldoret na wazazi wako wako Litein, Kapkatet, Sotik, Mogogosiek au kwingineko katika vilima vya majani chai vya Kericho na Bomet, jaribu kukumbuka ulivyomwona baba au mama ulipokwenda nyumbani mara ya mwisho. Je, alitembea kwa hatua fupi fupi, mkono mmoja ukining'inia tu bila kupunga? Je, alichukua muda mrefu kufunga vifungo vya shati? Je, sauti yake ilikuwa ya chini hata ukalazimika kumwomba arudie maneno? Na alipokuwa ameketi akipumzika, je, vidole vyake vilichezacheza kama vya mtu anayehesabu noti au anayeviringa tonge dogo la ugali?

Wengi wetu tukiona hayo husema ni uzee. Majirani nao husema mzee amezidisha chang'aa, hata kama hajaonja pombe maishani mwake. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa au kwamba kuna laana katika ukoo. Kumbe yawezekana mzee ana ugonjwa uitwao Parkinson, ambao unajulikana vyema na una dawa za kuutuliza.

Ugonjwa huu ulipewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza kwa mara ya kwanza kwa ukamilifu mwaka wa 1817. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi ambayo seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini. Kemikali hii ndiyo huwezesha viungo kusonga kwa wepesi na kwa mpangilio. Seli hizo zikianza kufa, mwili huwa mzito na mkakamavu, na kila tendo huanza kwa taabu. Dalili zinapoonekana wazi, sehemu kubwa ya seli hizo huwa zimekwisha kufa. Si kila mgonjwa hutetemeka. Kuna wanaokakamaa tu na kupunguza mwendo, na hao ndio huchelewa zaidi kutambuliwa.

Ugonjwa hauambukizi. Unaweza kula naye sahani moja na kulala naye kitanda kimoja. Mara nyingi haurithiwi, ingawa kuna familia chache ambamo huonekana kwa watu kadhaa. Wakulima wengi huuliza kuhusu dawa za kunyunyizia magugu. Ni kweli kwamba uchunguzi uliofanywa katika nchi mbalimbali umehusisha baadhi yazo, hasa paraquat, na hatari kubwa zaidi ya kupatwa na Parkinson, na Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku dawa hiyo mwaka wa 2007. Lakini hakuna daktari awezaye kumtazama mzee mmoja na kusema kwa hakika kwamba ni dawa ya magugu iliyomfanya awe hivyo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kwamba mwaka wa 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa na ugonjwa huu ulimwenguni. Wasomaji wa rika langu watamkumbuka Muhammad Ali, bingwa wa ndondi, aliyeambiwa mwaka wa 1984 kwamba ana Parkinson na akaishi hadi 2016. Watamkumbuka pia Papa Yohane Paulo wa Pili, ambaye alizuru Kenya mara tatu, mwaka wa 1980, 1985 na 1995, na ambaye mkono wake uliotetemeka tuliuona kwenye televisheni miaka yake ya mwisho.

Lakini kisa kinachotufaa zaidi hakitoki Marekani wala Roma. Kinatoka ng'ambo tu ya mpaka, wilayani Hai, Tanzania, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro. Huko nako, kama Kericho na Bomet, ni nchi ya vilima, mvua na mashamba madogo ya familia. Watafiti waliwatafuta wagonjwa wa Parkinson nyumba kwa nyumba miongoni mwa watu wapatao 161,000. Waliwapata 33, na zaidi ya robo tatu ya hao hawakuwa wameambiwa kamwe na mtu yeyote wana ugonjwa gani. Katika ripoti iliyochapishwa mwaka wa 2011, wenyeji waliwaeleza watafiti kwamba wanauita "ugonjwa wa kutetemeka". Wengine waliudhania ni uzee na wengine uchawi. Wagonjwa walikuwa wakitunzwa na jamaa ambao hawakuwa wamefunzwa chochote.

Hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Daktari humwona mgonjwa wa Parkinson kwa dakika chache, kisha humpa tarehe ya kurudi baada ya miezi mitatu. Saa zote zilizobaki ni za mtu wa nyumbani, na huyo ndiye anayehitaji kusaidiwa.

Kwanza lakini uhakikishe ni Parkinson. Hakuna kipimo cha damu cha kawaida kinachoitambua. Daktari hutazama mwendo, hukunja mikono ya mgonjwa kuona ukakamavu, humwambia agonganishe vidole upesi upesi, na huuliza dawa anazotumia. Anzia hospitali iliyo karibu: ya rufaa ya Kaunti ya Kericho, ya Longisa kwa wakazi wa Bomet, ya Kapkatet, au ile ya misheni ya Tenwek. Ikihitajika, omba barua ya kumwona bingwa wa ubongo na neva katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, au Kenyatta, Nairobi. Nenda naye wewe mwenyewe mara hiyo ya kwanza. Mzee akimwona daktari hujikaza, huketi wima na kusema hana neno, na wengine hata kutetemeka hupungua kwa muda. Ukiwa na simu, mpige picha za video nyumbani akitembea na akiinuka kitini, kisha umwonyeshe daktari.

SAA YA DAWA

Dawa iliyo kuu ni levodopa, ambayo huchanganywa na nyingine iitwayo kabidopa katika kidonge kimoja. Wengi wanaijua kwa jina la Sinemet, lakini kuna vidonge vya majina mengine vyenye mchanganyiko huo huo kwa bei nafuu. Mwulize mfamasia. Levodopa hugeuka kuwa dopamini ndani ya ubongo. Tangu mwaka wa 1967, daktari George Cotzias wa Marekani alipoonyesha jinsi ya kuitumia kwa kiasi cha kutosha, hakuna dawa nyingine iliyoishinda. Haiponyi ugonjwa. Humrudishia mgonjwa mwendo wake kwa saa kadhaa, kisha nguvu yake huisha.

Kwa hiyo saa ni muhimu kama kidonge chenyewe. "Asubuhi, mchana na jioni" haitoshi. Daktari akisema saa moja asubuhi, saa saba mchana na saa moja jioni, iwe hivyo kila siku, hata siku ya mazishi, hata siku ya kanisa. Mgonjwa akicheleweshewa kidonge kwa saa moja anaweza kushindwa kuinuka kitini, na wageni wakadhani amezidiwa. Mnunulie anayemtunza saa yenye kengele, au mtegee kengele kwenye simu yake, na vidonge vya siku vitiwe katika vikopo vitatu kila asubuhi.

Kuna wazee, na hata wahudumu wa afya, wanaoamini kwamba dawa hii ikianzwa mapema "itachoka" wakati itakapohitajika zaidi, basi huificha kabatini. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2014 uliwalinganisha wagonjwa wa Ghana, waliokuwa wamechelewa sana kupata levodopa, na wenzao wa Italia waliokuwa wameianza mapema. Matatizo ya mwili kujipindapinda, ambayo watu huilaumu dawa, yalitokea kulingana na miaka ambayo mgonjwa amekaa na ugonjwa. Kuchelewesha dawa hakukuwaokoa Waghana. Kuliwanyima tu miaka ya kutembea vizuri.

Lililo baya zaidi ni dawa kukatika ghafla. Mgonjwa aliyezoea levodopa akiikosa kwa siku kadhaa anaweza kukakamaa kabisa, kupata homa kali na hata kufa. Hebu fanya hesabu. Kidonge kimoja mara tatu kwa siku ni vidonge 90 kwa siku 30. Wakati vimebaki 42, yaani vya wiki mbili, pesa za vingine ziwe zimekwisha tumwa, kwa sababu huenda duka la dawa la Litein au Bomet likavikosa ikabidi kuagiza kutoka Kericho mjini au Nakuru. Ikiwa wewe uko Nairobi, pengine ni rahisi kununua za miezi miwili huko na kuzituma kwa mtu unayemwamini. Usingoje simu ya "dawa zimeisha".

Chakula nacho kina neno. Nyama, mayai, maharagwe, maziwa na mursik hushindana na levodopa tumboni, na dawa hufika kwenye ubongo kidogo na kwa kuchelewa. Kidonge kimezwe kwa maji, au kwa chai ya rangi (kwa kuwa hakuna nyumba ya huko isiyo na chai), nusu saa hivi kabla ya kula. Akisikia kichefuchefu, ale kipande cha kiazi kitamu au ndizi pamoja nacho. Vidonge vya madini ya chuma, vile vya kuongeza damu, visimezwe saa moja na levodopa. Lakini usimnyime mzee nyama na maziwa, kwani wagonjwa hawa hukonda haraka. Sehemu kubwa ya vyakula hivyo ingoje mlo wa jioni.

Jambo jingine unalopaswa kulijua, nami naliona kuwa la hatari kuliko yote yasiyosemwa. Mgonjwa wa Parkinson akitapika, katika zahanati nyingi atadungwa au kupewa Plasil. Dawa hii huzuia dopamini, na yaweza kumgandisha mzee aliyeingia akitembea. Stemetil ni hivyo hivyo. Haloperidoli na klopromazini, ambazo hutolewa mgonjwa anapopayuka, ni mbaya zaidi. Kuna hata watu ambao kutetemeka kwao kumeletwa na dawa hizi tu, na hupona zikiachwa. Iwapo mzee anatapika, mwambie tabibu ana Parkinson na umwulize kama anaweza kumpa domperidoni badala yake.

Na je, upupu? Wengine wamesikia kwamba mbegu za mmea huo unaowasha zina levodopa ya asili. Ni kweli zina. Mwaka wa 2017 madaktari walichapisha matokeo ya kuzijaribu kwa wagonjwa 18 nchini Bolivia na zikafanya kazi. Lakini waliupima unga wake kwa makini. Mbegu za shamba moja hazilingani nguvu na za jingine, na mgonjwa anayezisaga mwenyewe huku akimeza vidonge anaweza kuzidisha bila kujua, akatapika au kuanza kuona vitu visivyokuwepo. Usimwanzishie mzazi bila daktari kujua.

BOMA LA MTEREMKONI

Vitabu vingi vya kutunza wagonjwa hawa viliandikwa kwa watu wenye choo ndani ya nyumba na sakafu tambarare. Nyumba za huko kwetu ziko mteremkoni, mvua hunyesha karibu mwaka mzima, udongo mwekundu huteleza kama sabuni, na choo cha shimo kiko nyuma ya migomba. Ndipo wazee wanapoanguka na kuvunjika nyonga.

Fundi mmoja, siku mbili au tatu za kazi, anaweza kubadilisha mengi. Njia ya kwenda chooni ichongwe ngazi pana zisizo juu sana, imwagwe kokoto, na iwekewe nguzo na mshikio wa miti ya mikaratusi pande zote mbili. Ndani ya choo, pale pa kuchuchumaa, paundwe kiti imara cha mbao chenye tundu, na kigingi cha kushikilia ukutani. Mgonjwa wa Parkinson akichuchumaa huenda asiweze kuinuka. Usiku asiende nje kabisa. Awe na ndoo yenye kifuniko karibu na kitanda, na taa ndogo ya sola iwake hadi asubuhi.

Kitanda na kochi viinuliwe kwa vipande vya mbao hadi magoti yake yasipite kiuno anapoketi. Katikati ya shuka, pale panapolala nyonga, tandika kitambaa laini kinachoteleza ili aweze kujigeuza mwenyewe. Ndara na patapata ziwekwe mbali, avae viatu vinavyoshika kisigino. Bafuni awe na kiti. Jikoni penye mafiga asiachwe peke yake karibu na moto, wala asibebe sufuria ya chai. Kikombe chake kiwe kikubwa chenye mkono, kijazwe nusu tu.

Kuna jambo linalowashangaza watu. Mzee anatembea vizuri, akifika mlangoni miguu inagandamana na sakafu kana kwamba imepigwa misumari. Watu humvuta. Usimvute, ataanguka kifudifudi. Mwambie asimame kabisa, avute pumzi, ahamishe uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine, kisha mhesabu pamoja moja, mbili, tatu, na ainue mguu juu. Ukiweka mguu wako mbele yake na kumwambia auruke, mara nyingi huuruka. Mistari ya chaki iliyochorwa sakafuni kukatiza mlango husaidia vivyo hivyo, na wimbo wenye mdundo pia. Ubongo wake umepoteza saa ya ndani ya kutembea, kwa hiyo unampa saa ya nje.

Anapotaka kugeuka, azunguke kwa upana kama basi linavyozunguka stendi, asigeuke papo hapo kama askari wa gwaride. Akiwa anatembea usimsemeshe. Akitoka kitandani, aketi ukingoni dakika chache kwanza, kwa sababu shinikizo la damu hushuka anaposimama ghafla.

Mazoezi ni nusu ya dawa. Atembee kila siku baada ya kidonge kufanya kazi, apige hatua ndefu kwa makusudi na kupunga mikono. Sauti nayo hufanyiwa mazoezi. Asome Biblia kwa sauti kubwa au aimbe nyimbo za kanisani kama anayemwita mtu wa ng'ambo ya bonde. Tumbo hufunga sana katika ugonjwa huu, basi apate maji ya kutosha, managu, saga na matunda.

Akianza kukohoa kila anywapo maji, hapo kuna hatari, kwani chakula kinaweza kuingia mapafuni na kuleta nimonia. Ale akiwa ameketi wima, matonge madogo, kidevu kikiwa chini anapomeza, na asilale kwa nusu saa baada ya kula. Uji mzito humshukia vizuri kuliko maji.

Huzuni isiyoisha ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na ina tiba. Baadhi ya wagonjwa, hasa baada ya miaka mingi, huona watoto au wanyama ambao hawapo. Hilo si pepo. Usibishane naye wala usimwite mganga. Mweleze daktari, ambaye huenda akapunguza mojawapo ya dawa.

ANAYEMTUNZA NI NANI?

Ni mke aliyezeeka naye, au binti aliyerudi nyumbani, au, katika maboma mengi, mkaza mwana ambaye mumewe yuko mjini. Hakuajiriwa wala hakuulizwa. Siku moja mzee alishindwa kuvaa suruali, na tangu hapo kazi ikawa yake. Anaamka mara tatu au nne usiku kumgeuza. Asubuhi anakama ng'ombe, anawaandaa watoto kwenda shule, anampa mzee kidonge na kungoja kifanye kazi kabla hajamwosha.

Kisha kuna majani chai. Chipukizi hazingoji. Zikipita wiki mbili bila kuchumwa huwa zimekomaa na kituo hakizitaki. Kilo ambazo hazikupelekwa kituoni hazilipwi mwisho wa mwezi, na hazihesabiwi pia bonasi inapolipwa, ambayo mara nyingi huwa mwezi wa Oktoba. Kwa hiyo mama huyu anapobaki nyumbani na mzee, familia hupoteza mara mbili. Hapo ndipo msichana wa darasa la nane au wa sekondari anapoambiwa akae nyumbani "siku moja tu" kumwangalia kogo au kugo ili mama akachume. Siku moja huwa muhula.

Mtoto wa mjini hupenda kununua kitu cha kuonekana, kama kochi jipya, televisheni au godoro nene ambalo mgonjwa huzama ndani yake asiweze kugeuka. Maoni yangu ni kwamba pesa hizo hizo zingefaa zaidi zikimlipa mchumaji wa kutwa kila mzunguko wa kuchuma, au mtu wa kumsaidia mzee asubuhi tatu kwa juma. Hili mlizungumze wazi kama ndugu, mkiwa mmeketi pamoja, na mama anayemtunza awepo na asemeshwe kwanza. Nani atatuma pesa za vidonge? Nani atalipa mchumaji? Nani atakuja kulala nyumbani wikendi moja kila mwezi ili yeye aende kwao, au alale tu usiku mzima?

Kuna aibu ambayo haitajwi katika mikutano ya familia. Kwa mila za wengi wetu, mkaza mwana kumwogesha baba mkwe ni fedheha kwa wote wawili. Mzee hukataa kuoga, watu wakasema amekuwa mkaidi. Mama naye hunyamaza. Mtafuteni kijana wa kiume, mjukuu au jirani anayelipwa, afanye kazi hiyo.

Unapopiga simu nyumbani, mwulize huyo mama kwanza yeye mwenyewe ameamkaje na mgongo wake u hali gani, kabla ya kuuliza habari za mzee. Mtunzaji anayeumwa mgongo, anayelia ovyo au anayeanza kumfokea mgonjwa hajawa mtu mbaya. Amechoka, na inafaa apumzishwe juma hilo hilo.

MISAADA ILIYOPO

Tangu Septemba 2023 serikali imesambaza wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini, wakiwa na mikoba yenye kipima shinikizo la damu. Kila kijiji kina wake. Si wataalamu wa Parkinson, lakini wanaweza kumpima mzee pressure akiwa ameketi na akiwa amesimama, kuangalia vidonda vya kulala na kuiarifu zahanati. Mwombe mama atafute jina na simu ya wa kijiji chenu.

Hospitalini, omba mzee apelekwe idara ya tiba ya viungo, na mtunzaji aende naye. Huko hufundishwa kumwinua mtu bila kujiumiza, jambo ambalo huchukua muda mfupi kujifunza. Hakikisha mzee amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua mahali pa NHIF Oktoba 2024. Wazee wa miaka 70 na zaidi waliosajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupata Sh2,000 kwa mwezi. Mgonjwa ambaye viungo vimemlemea anaweza pia kupimwa katika hospitali ya umma na kusajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Shirika la Africa Parkinson's Disease Foundation, lililoanzishwa na Mkenya, hushughulikia wagonjwa na familia zao.

Hata hivyo, msaada ulio karibu zaidi ni familia nyingine yenye mgonjwa kama wako. Mwulize mtaalamu wa viungo au muuguzi kama wapo wengine wanaokuja kliniki hiyo, na kama wangependa kujuana. Watu watano wanaokutana mara moja kwa mwezi baada ya ibada, au siku ya chama cha kina mama, wanaweza kukopeshana vidonge vya siku mbili vya aina moja na kipimo kimoja, kununua kwa pamoja kwa bei ya jumla, na kuambizana ni duka gani lina dawa. Wakati wa janga la Ukimwi, miaka ya 1990 na 2000, vikundi kama hivyo vilifunza familia nyingi nchini kumtunza mgonjwa kitandani. Baadhi ya kina mama wale bado wapo, na ujuzi wao haujapotea.

Kabla hujarudi mjini safari ijayo, andika karatasi moja kwa mwandiko mkubwa. Iwe na jina la mzee, neno Parkinson, majina ya dawa, kipimo cha kila kidonge na saa zake kamili, jina la hospitali yake na nambari yako ya simu. Chini yake andika: ASIPEWE PLASIL, STEMETIL WALA HALOPERIDOLI. DAWA ZAKE ZISICHELEWESHWE AKILAZWA. Ibandike nyuma ya mlango wa chumba chake, nakala ya pili itiwe katika mfuko wa koti analovaa akienda hospitali, na ya tatu ipige picha ikae kwenye simu yako.